Rupia Tano: Safari ya Bangili kutoka Nakuru hadi Mumias

Jumatatu

Niliondoka Nakuru saa moja asubuhi, bangili ya nyanya ikiwa imefungwa kwa kitambaa cha pamba ndani ya kopo la majani chai, na kopo lenyewe nimelipakata magotini kwa sababu sikutaka liwekwe na mizigo mingine nyuma ya matatu. Ni bangili ya fedha, pana kama vidole viwili, iliyovunjika karibu na mahali inapofunguka, na tangu nyanya afariki miaka minne iliyopita imekuwa kabatini kwangu bila kuvaliwa na mtu. Pamoja nayo nilibeba sarafu nane: rupia tano zenye vichwa vya wafalme wa Uingereza, na shilingi tatu za kale zenye picha ya simba aliyesimama mbele ya milima. Nilikuwa nimeamua kwamba vyote vitayeyushwa pamoja, nipate bangili mbili zinazofanana, moja kwa kila binti yangu.

Mjini Nakuru nilikuwa nimezunguka kwa wauzaji watatu wa mapambo. Wote walitaka jambo moja, kupima uzito wa bangili, kuichukua na kunipa nyingine iliyotoka kiwandani. Hakuna hata mmoja aliyeigeuza kutazama upande wa ndani. Ndipo jirani yangu aliyelelewa Kisumu aliponielekeza kwa fundi anayefua fedha kwa mkono, anayechora mwenyewe miundo yake na hauzi kitu ambacho hakukitengeneza.

Tulipita Mau Summit katika ukungu, tukateremka Kericho katikati ya mashamba ya chai, na kufika Ahero jua likiwa kali juu ya mashamba ya mpunga. Kisumu nilifika mchana nimechoka, nikatafuta chumba cha kulala, na siku hiyo sikufanya lolote zaidi.

Jumanne

Karakana ya fundi iko katika uchochoro nyuma ya Oginga Odinga Street, chumba kimoja chenye dirisha la mbao, meza nzito iliyokatwa nusu duara upande wa mbele, na ngozi iliyotundikwa chini ya nusu duara hiyo ili kukinga kila unga wa fedha unaodondoka wakati wa kupiga tupa. Fundi ni mtu wa makamo, mpole wa maneno. Nilimwamkia, akanikaribisha kiti, akasafisha mikono kabla ya kupokea kopo. Mimi ninapenda watu wanaosafisha mikono kabla ya kushika kitu cha mwenzao.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuza bangili ndani nje na kuitazama kwa kioo cha kukuzia kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaipima: gramu 52.4. Akazipima rupia zote tano kwa pamoja: gramu 57.6.

"Dada, ulisema hii ilitengenezwa kwa nini?"

Nikamweleza nilivyosimuliwa. Bangili ilikuwa ya mama yake nyanya, aliyeolewa Mumias. Babake bibi arusi alitenga rupia kumi, tano za mkono wa kulia na tano za mkono wa kushoto, akazipeleka kwa sonara Kisumu. Bangili ya mkono wa kulia ikatengenezwa. Ya kushoto haikutengenezwa, na sababu haikuwahi kusimuliwa katika ukoo wetu. Rupia tano zilizobaki zilirithiwa pamoja na bangili hadi zikanifikia mimi.

Fundi akaniambia kwamba rupia moja ya zama hizo, ilipotoka kiwandani, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na kwamba sehemu kumi na moja kati ya kumi na mbili za uzito huo zilikuwa fedha halisi, iliyobaki ikiwa shaba ya kuipa ugumu. Rupia tano mpya ni gramu 58.3. Zangu zimepungua kidogo kwa kupita mikononi mwa watu. Bangili ya gramu 52.4 ndiyo hasa inayotarajiwa ukitoa katika rupia tano kile kinacholiwa na tupa, kinachokatwa pembezoni na kinachosuguliwa na ngozi ya mvaaji kwa miaka mingi. Kwa hiyo hadithi ya nyanya ilikuwa kweli kwa hesabu ya mizani. Nilinyamaza kidogo hapo. Maisha yangu yote nilidhani "rupia tano" ni namna tu ya kusema kwamba kitu ni cha thamani.

Rupia hizo zilitoka India, na ndizo zilizokuwa sarafu halali katika nchi hii hadi mwaka 1920. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mahali hapa palipokuwa pakiitwa Port Florence, wafanyakazi walilipwa kwa rupia, na maduka ya Wahindi yaliyofunguliwa kufuata reli yaliuza na kununua kwa rupia. Serikali ya kikoloni ilipobadilisha sarafu, kwanza kwa florin na kisha kwa shilingi ya mwaka 1921, rupia zilizobaki vijijini zilikosa kazi sokoni, lakini fedha iliyokuwa ndani yake haikupotea popote.

Nikamkabidhi zile shilingi za simba. Aliziangalia mwaka, akanirudishia. Shilingi hizo zina robo tu ya fedha, sehemu 250 katika elfu. Tungezichanganya na rupia, bangili zote mbili zingeharibika rangi na kuwa ngumu kufuliwa. Nilizirudisha mfukoni nikimshukuru, kwa kuwa angeweza kuzipokea na mimi nisijue kamwe.

Kisha akatoa maoni yake kuhusu mpango wangu wote. Alisema kuyeyusha bangili ya zamani kunawezekana na ni kazi ya dakika chache, na fedha haitapungua hata chembe, ila ukiiyeyusha huwezi tena kuuona mkono wa yule sonara. Akaniwekea kioo jichoni na kunionyesha mistari ya mihuri iliyopigwa kuunda waridi ndogo ndogo kuzunguka bangili: kila pigo limelalia upande mmoja, kana kwamba nyundo ilitoka kushoto. "Huenda alikuwa mtu wa shoto," alisema. "Mimi natumia kulia. Nikiiga kazi hii, waridi zangu zitalalia upande wa pili."

Tuliafikiana kabla ya adhuhuri. Bangili ya zamani itaungwa, haitayeyushwa. Rupia tano zitakuwa ile bangili ya mkono wa kushoto ambayo haikuwahi kutengenezwa.

Lilibaki swali la namba. Fedha inayouzwa kwa jina la sterling ni lazima iwe na sehemu 925 za fedha halisi katika elfu, na fundi huigonga namba hiyo ndani ya kazi zake zote. Rupia ina takriban 917. Ili kuifikisha 925, angehitaji kuongeza gramu 6.4 za fedha safi. Aliniuliza kama niko tayari kuinunua, akanieleza bila kuficha kwamba asipoongeza hatagonga namba, kwa sababu namba ni ahadi. Niliomba nifikiri usiku.

Jumatano

Niliamka nikiwa na jibu: isiongezwe. Bangili ya kwanza ni rupia tano bila nyongeza, na ya pili iwe hivyohivyo. Fundi alikubali kwa kichwa, akafunga nusu ya dirisha na kuwasha tochi ya gesi.

Sikujua kwamba fedha hufuliwa gizani. Sababu ni kwamba fundi hana kipimajoto, hupima moto kwa rangi, na rangi anayoitafuta wakati wa kulainisha fedha, wekundu hafifu usiozidi ule wa kaa linalokaribia kuzimika, haionekani penye jua. Ukipita hapo, fedha huanza kuporomoka bila onyo. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 961.8 za selsiasi, na shaba iliyochanganywa huishusha chini ya hapo.

Rupia ziliingia katika chungu kidogo cha kuyeyushia, kilichopakwa boraksi, chumvi inayosaidia metali kuyeyuka safi, hadi kikang'aa ndani kama kioo. Nilitazama uso wa mfalme ukilegea, ukateleza, ukatoweka, na sarafu tano zikawa tone moja lililokuwa likizunguka na kutetemeka. Fundi alitupa kipande cha mkaa juu yake. Alinieleza kwamba fedha iliyoyeyuka hunywa oksijeni nyingi kutoka hewani na kuitema inapoganda, na mahali inapotema panabaki matundu ndani ya mwili wa fedha. Mkaa huila hiyo oksijeni kabla haijaingia. Akamimina yote kwa mkupuo mmoja katika kalibu ya chuma iliyopashwa moto na kupakwa mafuta, na kwa muda mfupi chumba kikanuka kama taa ya chemli iliyozimwa sasa hivi.

Kijiti kilichotoka kilikuwa na urefu wa kidole changu cha kati. Kuanzia hapo ikawa nyundo na fuawe, nyundo na fuawe. Fedha inapogongwa hukaza, sauti yake inabadilika kutoka mlio mzito na kuwa mwembamba, na fundi akisikia mlio huo huacha mara moja, huipasha moto hadi ule wekundu, huitumbukiza majini, kisha huanza tena. Niliruhusiwa kugonga kidogo. Mkono ulinikataa baada ya dakika kumi, nikakaa pembeni kuhesabu: aliipasha moto mara saba kabla ya alasiri.

Mara ya nane alipoitoa majini aliipeleka dirishani na kuisogeza karibu na jicho. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele ukingoni, na nyuma ya ufa huo kitundu. Pamoja na mkaa wote ule, hewa ilikuwa imebaki ndani. Nilimuuliza kama haiwezi kuzibwa kwa lehemu. Alisema inaweza, na mimi nisingeona, lakini itapasuka siku moja mkononi mwa binti yangu. Akalikata bamba lote vipande vinne na kuvirudisha katika chungu. Kazi ya siku nzima iliyeyuka mbele ya macho yangu kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai.

Jioni nilishuka Dunga kutazama ziwa. Wavuvi walikuwa wakitengeneza nyavu. Nilikaa hadi giza likaingia.

Alhamisi

Bamba la pili lilitoka zima. Fundi alikata upande mmoja ukanda mwembamba kwa ajili ya waya, akauvuta kwa koleo kupitia bamba la chuma lenye matundu yanayopungua ukubwa, tundu kwa tundu, hadi ukawa waya mrefu kuliko meza. Akaukunja mara mbili, ncha moja akaibana kwenye jiliwa, nyingine akaizungusha kwa keekee ya mkono, ukajisokota kama kamba ya katani. Hiyo ndiyo pindo ya juu na ya chini ya bangili, sawasawa na ile ya zamani.

Alasiri yote ilienda kwa bangili ya nyanya, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo ningependa kila mwenye pambo la fedha nyumbani alijue. Karibu na ufa kulikuwa na baka la kijivu ambalo sisi nyumbani tuliliita uchafu. Fundi alilikwaruza kwa ncha ya chuma, akasema ni lehemu ya bati na risasi, ile inayotumiwa na wanaotengeneza koroboi na ndoo. Mtu aliwahi kuiunga bangili kwa lehemu hiyo. Yenyewe ikiwa baridi haidhuru sana, lakini ukiipasha fedha moto wa kuunganisha ilhali risasi iko juu yake, risasi huingia ndani ya fedha na kuila, na unabaki na mashimo mahali palipokuwa na fedha nzima. Ilibidi iondolewe yote kabla ya tochi kuikaribia. Alitumia saa nne akikwaruza, akipiga tupa ndogo kuliko kijiti cha kiberiti, akitazama kwa kioo, akikwaruza tena.

Wakati akifanya hivyo mteja mmoja aliingia na hereni alizonunua kwingine kwa jina la fedha, zilizomtoa upele masikioni. Fundi aliweka tone la tindikali mahali alipopakwaruza, na tone likageuka kijani. Zilikuwa shaba, nikeli na zinki. Ipo metali ya namna hiyo inayoitwa fedha ya Kijerumani, nayo haina fedha hata kidogo. Nilimwonea huruma mteja yule kwa kuwa alikuwa amelipa bei ya fedha.

Ijumaa

Leo ndiyo siku ninayotamani binti zangu wangeiona.

Bamba liliwekwa juu ya bakuli la lami iliyopashwa moto, ambayo hulishikilia lisisogee na wakati huohuo huachia kidogo chini ya kila pigo. Fundi alikuwa amechonga mihuri mipya ya chuma kwa ajili ya kazi hii usiku wa Jumanne, akiwa amepima waridi za zamani kwa bikari. Zilikuwa waridi kumi na tisa. Kila moja ina petali sita na kitovu, yaani mapigo saba, na kila pigo lazima liwe na nguvu ileile, kwa sababu likizidi hutoboa na likipungua petali huwa kipofu. Hakuzungumza kabisa. Nilisikia matatu zikipiga honi barabarani, na ndani ya chumba ule mgongano mdogo wa nyundo, ukikatika kila baada ya mapigo saba alipokuwa akivuta pumzi.

Alipomaliza niliweka bangili ya nyanya kando ya bamba. Kama alivyosema, waridi za zamani zimelalia upande mmoja na mpya upande wa pili. Nilikuwa nimeogopa kwamba zitaonekana kama kosa. Zinaonekana kama mikono miwili ya mtu mmoja.

Baada ya adhuhuri alikunja bamba kwenye nguzo ya mbao na kuunganisha pindo za waya. Lehemu ya sonara ni fedha pia, iliyochanganywa na shaba na zinki ili iyeyuke mapema kuliko kitu kinachounganishwa. Nilidhani angeelekeza moto mahali pa kuunga. Kumbe fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine zote, hivyo ukipasha sehemu moja joto linakimbilia kwingine. Ni lazima kitu kizima kipashwe kwa pamoja, moto ukizungushwa bila kutua, hadi lehemu inapojitandaza ghafla kama maji yanavyopita katika mtaro. Moto ukichelewa kidogo kuondolewa, waya wa pindo utayeyuka. Alifanya hivyo mara tatu kwa bangili mpya na mara moja kwa ya zamani, na mara hiyo moja nilitoka nje, sikuweza kutazama.

Aliponiita ndani bangili ya nyanya ilikuwa ikichemka katika sufuria ya maji ya shabu, ambayo hula weusi wa moto. Ilitoka nyeupe kama chokaa, na ule ufa ulikuwa umekwisha.

Jumamosi

Kupiga msasa, kusugua kwa brashi ya nyuzi za shaba na maji ya sabuni, kung'arisha kwa chuma laini. Mabonde ya waridi mpya alitaka yawe meusi kama ya zamani, kwa hiyo alichemsha yai, akalipasua, akalifungia ndani ya kopo pamoja na bangili bila kugusana. Salfa inayotoka katika yai huifanya fedha iwe nyeusi, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo hewani inayozifubaza bangili zetu kabatini. Baada ya muda alifuta sehemu zilizoinuka, na waridi zikajitokeza.

Tulipima mara ya mwisho. Bangili mpya: gramu 53.1. Kisha akakusanya unga na vipande vyote kutoka katika ngozi ya meza, akavipitisha sumaku kuondoa chembe za tupa, akavipima: gramu 4.1. Vilivyopotea kutoka katika rupia tano za babu ni gramu 0.4 tu. Alivifunga katika karatasi na kunipa. Alinitoza kwa siku alizofanya kazi, na siku ya ufa hakuihesabu. Nilimlipa na hiyo pia, tukabishana kwa heshima mpaka akapokea.

Ndani ya bangili hakuna namba. Ipo alama yake tu, ndege mdogo aliyesimama kwa mguu mmoja.

Jumapili

Nilipanda matatu ya Mumias, tukapita Maseno kwenye mstari wa ikweta, kisha Luanda. Mumias ilikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara wa pwani kabla reli haijafika ziwani. Shangazi yangu anaishi hapo bado, dada wa mwisho wa baba, macho yake yamepungua nguvu.

Nilimvalisha ya zamani mkono wa kulia na mpya mkono wa kushoto. Alipitisha kidole juu ya waridi za upande huu na za upande ule, akarudia mara mbili.

"Hii imelala kwingine," alisema.

Nikamsimulia habari za sonara wa shoto. Nikamuuliza kuhusu lehemu ya risasi, akakumbuka mara moja: nyanya alianguka nayo kisimani, na fundi wa koroboi wa sokoni akaiunga siku hiyohiyo ili apate kwenda nayo arusini. Kisha akaivua ile mpya, akaigeuza karibu na jicho akitafuta kitu.

"Mbona haina namba, mwanangu? Za siku hizi zote zina namba."

Nilimweleza kwamba ni rupia tano peke yake, hakikuongezwa kitu. Akauliza hicho kilichopungua kiko wapi. Nikampa ile karatasi. Aliifungua, akautazama unga kwa muda, akaikunja tena na kuifunga katika pindo la leso yake kwa fundo mbili.